Elfu 55 za kompyuta ya gemu hapa Malindi: prosesa na madabodi gani nisije nikajuta?

#1 Ngalawa07 (Malindi)
Ndugu zangu salaam. Nimeweka pesa kidogokidogo tangu Ramadhani na sasa nimefika 55,000. Monita ninayo ya 1080p, kibodi na mausi ninazo, kilichobaki ni mashine yenyewe. Gemu ni CS2, Valorant, GTA V na mpira wikendi wenzangu wakija. Nimekwama hapo kwa prosesa na madabodi kwa sababu hivyo viwili ukikosea basi umekosea kila kitu, ramu zinafuata bodi, bodi inafuata prosesa, yaani unavuta uzi mmoja nguo yote inafumuka.

Nina mawili kichwani: Ryzen 5 5600 ya AMD na bodi ya B550, au Core i3-12100F ya Intel na bodi ya H610. Binamu yangu aliye Nairobi anasema AM4, soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ya hiyo Ryzen, imekufa, nisitie hata shilingi, niende AM5 iliyoifuata moja kwa moja. Mimi dai langu ni kwamba kwa pesa hii prosesa na bodi zisile hata nusu, kubwa iende kwa kadi ya grafiki. Nikosoeni.

#2 KimaWaGedi
Binamu ana haraka ya kuzika. Soketi ya AM4 ndiyo iliyobeba Ryzen za kwanza 2017, na 2024 bado ilitolewa 5700X3D ya soketi hiyohiyo. Maiti gani huyo anazaa miaka saba baadaye. Chukua 5600, kori 6 thredi 12 (vichwa sita vya kazi, kila kimoja kazi mbili kwa pamoja), ina keshi ya L3, ile kumbukumbu ya ndani ya prosesa, megabaiti 32, na siku ukipata pesa unachomoa unatia X3D, zile zenye keshi kubwa zaidi, bodi ileile bila kugusa ramu.

#3 Bahati_Muyeye
Mimi naona anunue 5600 aanze nayo hivyohivyo bila kadi, acheze na grafiki ya ndani, kadi ataongeza mwezi wa sita.

#4 dada_Barani
@Bahati_Muyeye hapana hapana hapana, usimpoteze mtoto wa watu. 5600 haina grafiki ya ndani kabisa, atawasha aone monita nyeusi adhani amechoma bodi. Yenye picha ni 5600G, ile G ndiyo inakuambia. Lakini nayo 5600G ina keshi megabaiti 16 tu na PCIe yake, ile njia ya kadi kuzungumza na prosesa, ni 3.0 si 4.0, kwa hiyo siku ya kutia kadi inakuwa nyuma ya 5600 yenyewe. Na kwa Intel ni vivyo hivyo upande wa pili, hiyo herufi F ya 12100F maana yake haina picha, ile 12100 bila F ndiyo inayo.

Ngalawa, kama kadi unanunua siku moja na vingine, 5600. Kama kadi ni ya "nitaona mbele", 5600G na ramu MBILI, si moja, kwa sababu ile grafiki ya ndani inakula kwenye ramu na ukiweka kijiti kimoja umeiziba pua.

#5 Bahati_Muyeye
Kweli dada, nilichanganya na G. Asante.

#6 Nahodha_Mokowe
Vijana hamjambo. Mimi hufungua hizi mashine kila wiki, nyingi zinatoka Lamu zinavuka kwa boti zinakuja bara kwangu, nitasema ninachokiona kwenye benchi si kwenye video.

Mnazungumza prosesa tu na prosesa ndiyo kitu kisichokufa. Tangu nianze sijaona prosesa iliyokufa yenyewe zaidi ya mara mbili. Kinachokufa huku kwetu pwani ni bodi na pawa saplai. Chumvi. Unafungua kesi ya mtu anayekaa karibu na mayi, miguu ya kapasita ina ule ukungu wa kijani, skrubu zimeota kutu, nafasi za ramu zimefanya utando. Kwa hiyo ukiniuliza 5600 au 12100F nitakujibu vyovyote, lakini bodi usinunue ile nyembamba ya mwisho kabisa kwa bei. Tafuta yenye chuma cha kupozea juu ya VRM, pale umeme unapogawanywa kabla ya kuingia kwa prosesa, kwa sababu mwezi wa pili na wa tatu joto la hapa si la mchezo na chumba hakina eisi.

#7 Ngalawa07 (Malindi)
Shikamoo Nahodha. Niko Maweni, bahari naisikia usiku lakini si ya kunirukia. Je H610 zote ni nyembamba?

#8 Nahodha_Mokowe
Marahaba. Nyingi ndiyo, zimetengenezwa kwa ofisi. Lakini 12100F ni kori 4 tu, haiihangaishi bodi. H610 uwe nayo tu ukijua ina nafasi mbili za ramu basi, na ramu haziongezi kasi kupita ile ya kawaida.

#9 mtaalamu_wa_xeon
Mnahangaika bure. AliExpress, bodi ya X99 na prosesa ya seva, Xeon E5-2680 v4, kori 14 thredi 28, na bado utabakiwa na pesa ya kadi nzuri. Mimi natumia mwaka wa pili.

#10 KimaWaGedi
Alikuwa amechelewa leo, nikasema labda stima imekatika kwake.

Kaka, kori 14 za nini kwenye CS2? Gemu inataka kori chache zinazokimbia. Hiyo v4 ni ya 2016 na ikijikaza sana inafika 3.3 GHz, 12100F inafika 4.3 na kila hatua yake ni ndefu zaidi. Halafu ni wati 120 dhidi ya 58. Mtu anayecheza kwenye kibanda chenye feni moja ya mezani hataki jiko la pili chumbani. Na zile bodi za X99 nyingi zinatumia chipu za zamani zilizobanduliwa kwenye bodi nyingine, ikifa utampelekea nani?

#11 mtaalamu_wa_xeon
Mwaka wa pili nasema. Haijafa. Na nahariri video za harusi juu yake, siku ile ile natoa kazi.

#12 dada_Barani
Kwa video za harusi nakubaliana nawe kabisa, kori nyingi hapo zinafanya kazi ya kweli. Ila aliyeuliza anacheza gemu.

#13 Shela_Kaskazini (Lamu)
Hodini. Nimekaa kitako nasoma huu uzi nimekodoa mato kwa sababu maradhi yangu yako humu. Nina Ryzen 5 5500, bodi ya B450 ya mtumba, kadi RX 6500 XT, ramu kijiti kimoja cha 8. Gemu inakwenda vizuri, fremu nzuri, halafu ghafla inaganda nusu sekunde au sekunde nzima na sauti inagugumia, kisha inaendelea kama hakuna lililotokea. Si kila wakati. Dakika kumi hakuna, halafu mara mbili mfululizo. Nimeshapangusa vumbi, nimeshaweka Windows upya mara mbili. Kabla Ngalawa hajanunua AM4 nambieni hii ni prosesa, ni bodi, au ni mimi.

#14 KimaWaGedi
"Mato" hahaha. Huku Malindi tunayo macho bwana.

Ni kadi. Hiyo 6500 XT ina laini 4 tu za PCIe. Ilitengenezwa kwa PCIe 4.0. Wewe 5500 yako ni 3.0 na B450 ni 3.0, kwa hiyo ndia yake (nimekuandikia kwa kwenu) imekuwa nusu ya upana. Kumbukumbu yake ni 4GB, ikijaa inaanza kuazima kwenye ramu kupitia hiyo ndia nyembamba, ndipo unapoganda. Punguza teksicha, zile picha zinazovisha vitu kwenye gemu, mpaka chini uone.

#15 Shela_Kaskazini (Lamu)
Mato ni mato yakhe, tenzi za kale zimejaa hayo mato. Nitajaribu teksicha.

#16 dada_Barani
Mimi naona ni ramu. 8GB kijiti kimoja mwaka huu? Windows yenyewe inakula karibu nusu, kivinjari kikiwa wazi nyuma kimemaliza, gemu inabaki kusoma kwenye diski. Ongeza kijiti cha pili kinachofanana na hicho kabla hujagusa kingine chochote. Halafu ingia kwenye biosi, programu ya bodi yenyewe, uangalie kama XMP, ule mpangilio wa kasi ya ramu, imewashwa, watu wengi wananunua ramu ya 3200 inakimbia 2400 mwaka mzima hawajui.

#17 soketi_moja
Naomba nipinge wote wawili. Sauti KUGUGUMIA pamoja na picha kuganda, tena bila mpangilio, hata dakika kumi bila kitu: hiyo naijua. Ni fTPM. Mwezi wa tatu 2022 AMD wenyewe walikiri kwamba kwenye mashine za Ryzen, hiyo TPM, kitengo cha usalama kilicho ndani ya prosesa, mara kwa mara inakwenda kusoma na kuandika kwenye chipu ya biosi, na ikifanya hivyo mfumo mzima unasimama kidogo. Dawa ilikuja kwa biosi mpya, yenye AGESA (msingi wa biosi kutoka AMD) 1.2.0.7, kuanzia katikati ya mwaka huo. Bodi ya mtumba B450 aghalabu ina biosi ya zamani, ile tu iliyotosha kuwasha 5500. Shela angalia namba ya biosi kabla hujatoa shilingi.

#18 Shela_Kaskazini (Lamu)
Naangaliaje? Na nikiizima hiyo TPM?

#19 soketi_moja
Andika msinfo32 pale kwenye kutafuta, soma mstari wa BIOS. Kuizima utaweza lakini Valorant kwenye Windows 11 inaitaka TPM na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) vyote viwili, itakukatalia. Kama diski umeifunga kwa BitLocker weka ule ufunguo wa kurejesha pembeni kwanza, usije ukafungiwa nje ya mafaili yako.

#20 Nahodha_Mokowe
Hayo yote yanaweza kuwa. Mimi naongeza la Shela: nyumba iko wapi? Maana nimepata mashine ya aina hiyo hiyo, inaganda inaachia, nimebadilisha ramu nimebadilisha kadi, mwisho nikachomoa ramu nikasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, ikapona. Utando wa chumvi. Upepo wa kusi unapiga dirisha, kesi iko chini ya dirisha.

#21 Shela_Kaskazini (Lamu)
Kesi iko chini ya dirisha.

#22 Bahati_Muyeye
Spiriti ya hospitali je, si inafaa kusafishia?

#23 Nahodha_Mokowe
Ile ya duka la dawa ya kupaka kidonda mara nyingi ina mafuta ndani yake, inaacha utando mwingine. Tafuta aisopropili, 99 kwa mia. Na uzime, uchomoe waya ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwasha sekunde chache umeme uliobaki uishe.

#24 Ngalawa07 (Malindi)
Uzi wangu umekuwa hospitali lakini nasoma kila neno. Sasa swali jipya: jamaa mmoja hapa mjini anauza OptiPlex, kompyuta za Dell za ofisini zilizotumika, ya i5-6500 bei ya chini kabisa na ya i5-8500 juu kidogo. Si ninunue hiyo nitie kadi?

#25 dada_Barani
Ya 6500 iache. Kori 4 thredi 4, ya 2015, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel. Windows 10 imekatwa msaada 14 Oktoba 2025. Ya 8500 ni kori 6, hiyo ni mashine ya heshima na ndiyo niliyomjengea mdogo wangu. Lakini angalia umbo. Zile nyembamba zinazolala zinataka kadi fupi ya nusu urefu, na pawa saplai yake ni wati 200 hivi isiyo na waya wa kadi. Kwa hiyo unabaki na GTX 1650 ndogo, inayokunywa wati 75 kutoka kwenye bodi yenyewe. Siku ukitaka kubadilisha pawa saplai utakuta plagi za Dell si za kawaida, na bodi haiingii kwenye kesi nyingine. Umenunua nyumba isiyo na mlango wa pili.

Mdogo wangu anacheza GTA V na mpira, ana furaha, hajanisumbua. Nasema hilo pia kwa haki.

#26 soketi_moja
Hapo dada umemaliza. Ningekuwa na 30,000 ningenunua hiyo. Na 55,000 sivyo.

#27 binamu_wa_nairobi
Nimetumiwa linki. Mimi ndiye binamu. Sikusema AM4 haifanyi kazi, nimesema haina mbele. AM5 imetoka Septemba 2022 na AMD wametamka wataendelea nayo mpaka 2027 na kupita. Anayenunua leo bodi ya AM5 atabadilisha prosesa mara mbili bila kubadilisha bodi. Anayenunua AM4 ananunua mwisho wa reli. Hata hiyo LGA1700, soketi ya 12100F, imeishia kizazi cha 14, reli nyingine imekatika. Yeye ananiambia anataka mashine ya miaka sita, sasa hesabu ipi ni rahisi?

Halafu pini. AM4 pini ziko chini ya prosesa, ukichomoa feni na pesti ya kupitisha joto imekauka, prosesa inang'oka pamoja nayo na pini zinapinda. Nimeliona kwa mato yangu kama mnavyosema Lamu.

#28 KimaWaGedi
Karibu binamu. Hoja ya pini ni ya kweli ila ina dawa, washa mashine dakika kumi ipate joto kabla ya kuchomoa feni, uzungushe feni kushoto kulia usivute juu. Na kwa AM5 pini zimehamia kwenye bodi, ukizipinda umepoteza bodi badala ya prosesa, kwa hiyo hatari haijaondoka imehama nyumba.

Lakini kikubwa ni ramu. AM5 ni DDR5 tu, haina DDR4. Na tangu mwishoni mwa 2025 ramu zimepanda vibaya mno kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mashine za AI. Ngalawa akinunua bodi ya AM5 na ramu, pesa ya kadi imekwisha. Atakaa na bodi yenye mbele bila kadi ya leo. Hizo DDR4 angalau mtumba zipo, hata kwenye laptopu... hapana hizo ni fupi, nafuta, kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa zipo.

#29 binamu_wa_nairobi
La ramu nakubali linauma. Bado nasema asubiri miezi mitatu aongeze pesa.

#30 Ngalawa07 (Malindi)
Binamu miezi mitatu wewe una mashine yako tayari unacheza kila usiku, mimi nakuangalia kwenye simu.

#31 mtaalamu_wa_xeon
X99 inachukua DDR4 ya seva, ile ambayo bodi zenu haziipokei. Nasema tu.

#32 Shela_Kaskazini (Lamu)
Ripoti. (1) Teksicha chini: kuganda kumepungua, hakujaisha. (2) Biosi yangu ni ya 2021. (3) Nimehamisha kesi nikasugua ramu kwa raba ya mtoto, raba imetoka nyeusi kama kaa. Jana usiku nimecheza muda wa saa mbili nzima imeganda mara moja tu.

#33 KimaWaGedi
Kadi. Nilisema.

#34 soketi_moja
Biosi ya 2021! Hiyo moja iliyobaki ndiyo fTPM. Na nashangaa hata imeiwasha hiyo 5500, maana 5500 imetoka Aprili 2022, una uhakika umesoma mwaka sawa?

#35 Shela_Kaskazini (Lamu)
Imeandikwa 12/08/2021. Labda ni bahati, labda kwa kuwa ni ndugu wa 5600G iliyokuwepo tayari. Kuisasisha naogopa, stima ikikatika katikati je? Juzi imekatika mara tatu kabla ya magharibi.

#36 Nahodha_Mokowe
Usifanye bila UPS. Biosi ikikatwa katikati bodi inakuwa sahani. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kuandika biosi kutoka kwa flashi hata bila prosesa, geuza uangalie nyuma karibu na matundu ya USB kama kuna tundu limeandikwa FLASH BIOS au limezungushiwa duara. Kama lipo, hata ikikatika unaanza upya. Kama halipo niletee, UPS ninayo.

Na Ngalawa, hili ni lako pia: ukinunua B450 au B550 ya mtumba dai bodi iwashwe mbele yako na prosesa unayoinunua. Bodi yenye hicho kitufe ningeiongezea mia tano au elfu, nisingejuta.

#37 dada_Barani
Na pawa saplai usinunue ile inayokuja bure ndani ya kesi. Stima yetu inashuka na kupanda, ile ya bure ikifa inaondoka na bodi. Mimi nilipoteza bodi hivyo, na kwenye boksi iliandikwa wati 600 kwa herufi kubwa.

#38 Ngalawa07 (Malindi)
Basi nimefika hapa: Ryzen 5 5600, B550 yenye chuma juu ya VRM na kitufe cha flashi, ramu 8 mara mbili za DDR4, pawa saplai ya jina, kadi RX 6600 ya mtumba nikiipata, ikikosekana nianze na 1650. B550 na 5600 zote ni PCIe 4.0, kwa hiyo laini nane za 6600 hazitabanwa. Ikizidi pesa nashuka kwa 12100F na H610. Binamu usikasirike.

#39 binamu_wa_nairobi
Sijakasirika. 6600 ya mtumba ichezeshe saa nzima kabla hujalipa, usikilize feni zake.

#40 KimaWaGedi
Ukishuka kwa 12100F bei inakaribia ya Ryzen 5 5500, na hapo mjadala unaanza upya, kori 4 zenye kasi au kori 6. Mimi 12100F kwa CS2.

#41 dada_Barani
Mimi 5500, kwa sababu mtu anacheza huku anaongea na wenzake na kivinjari kimefunguka nyuma.

#42 mtaalamu_wa_xeon
Kori 14.

#43 Shela_Kaskazini (Lamu)
Bodi yangu haina kile kitufe. Nahodha naja Alhamisi na boti ya asubuhi inshallah, naleta kesi nzima, punda mpaka gatini kisha mikononi. Niambie nije na kijiti cha ramu cha pili au nisubiri tuone biosi kwanza, maana tukibadilisha vyote siku moja hatutajua kilichoponya ni kipi.

#44 Nahodha_Mokowe
Biosi kwanza. Ramu ije mfukoni. Funga kesi kwa nailoni, mawimbi ya asubuhi hayana adabu wiki hii.